Jinsi ya Kupakua Jini Bila Kupagawa

Kila mwenye bando hufikiwa na usiku wake. Ni saa sita, kifurushi cha usiku ndiyo kwanza kimeanza, na mtu mmoja kwenye kundi anaandika kwamba ipo picha ambayo kila aliyeitazama alikosa usingizi, au video iliyofutwa mara tatu na mara tatu ikarudi yenyewe, au mchezo wa kompyuta ambao aliyeutengeneza hajulikani. Chini yake kuna kiungo. Kidole kinaanza kuwasha.

Mwongozo huu ni wa mwenye kidole hicho. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kulisogelea faili la laana, alitazame machoni, na asubuhi aamke akiwa na akili zake, picha zake na salio lake. Zifuate hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu majini ya kwenye simu yana tabia moja: hayamwingii mtu mpaka ayafungulie mlango mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Imalize ngano kabla ya kulitafuta faili

Ngano hizi zina ukoo, na wakubwa wa ukoo wanajulikana. Kuna smile.jpg, picha ya mbwa anayecheka kwa meno ya binadamu. Inasimuliwa kwamba aliyeiona humwota mbwa huyo kila usiku mpaka akubali kuisambaza kwa mwingine. Kuna suicidemouse.avi, katuni ya panya anayetembea barabarani huku sauti ikiharibika kidogo kidogo. Kuna video yenye jina lisilotamkika, Mereana Mordegard Glesgorv, ambamo mtu anakukodolea macho bila kusema neno; wasimulizi wanadai kwamba yaliyobaki hadharani ni sekunde 20 tu, na kwamba waliobahatika kuiona yote hawakubahatika tena baada ya hapo. Na kuna muziki wa mji wa Lavender katika mchezo wa Pokémon uliotoka Japani mwaka 1996, ambao ngano inasema uliwaumiza watoto waliousikiliza.

Hadithi hizi ni nzuri, na anayezitunga anastahili heshima tunayowapa watambaji wote wa hadithi za kutisha. Lakini zichunguze uone zilivyojengwa. Ndani ya hadithi, faili halionekani kamwe. Ama limefutwa, ama limebaki kipande, ama aliyekuwa nalo ametoweka. Hofu yote inatoka kwenye masimulizi. Ukifanikiwa kuipata smile.jpg utakuta picha ya mbwa iliyochezewa kwa programu ya kuhariri picha, na utaona wazi kwamba msimulizi alikutisha kuliko mchoraji. Kwa hiyo ukiisoma ngano hadi mwisho umeshapata kilicho kitamu. Hakuna kilichobaki cha kupakua.

Ngano ya Lavender ina jirani ambaye si ngano. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi ya mara 12 hivi kwa sekunde. Watoto 685 walipelekwa hospitali nchini Japani, wengine wakiwa na degedege. Hakukuwa na pepo. Ubongo wa watu wachache hushtuka unapopigwa na mwanga unaomweka kwa kasi hiyo, na madaktari walikuwa wanalijua jambo hilo kabla ya katuni. Katuni yenyewe ilisimamishwa kwa miezi minne, na vituo vya televisheni vikaweka kanuni za kuzuia mwanga wa namna ile. Ikiwa wewe au mwanao ana kifafa, hili ndilo onyo moja la kweli kuhusu kutazama: video zenye mwanga unaomwekamweka mziache. Wengine karibu wote, macho yenu yako salama. Hatari inaanzia kwenye kidole.

Hatua ya pili: Uliza nani anashiba ukipakua

Mwaka 2015 chaneli moja ya YouTube ilionyesha mchezo uitwao Sad Satan, ukidaiwa kutoka kwenye giza la mtandao, kule kusikofikiwa na injini za utafutaji. Ulikuwa na korido ndefu, sauti za watu zilizogeuzwa nyuma mbele, na picha za watu mashuhuri zikiwaka na kuzimika. Maelfu ya watazamaji wakautaka. Kiungo walichopewa hakikufika popote. Muda si mrefu mtu asiyejulikana akajitokeza na nakala, akisema hii ndiyo yenyewe. Waliopakua nakala ile walipata programu haribifu, pamoja na picha ambazo kuwa nazo tu ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Huo ndio mtego wa ngano za faili, na unafaa kukaririwa. Kwanza anakuja msimulizi, ambaye mara nyingi hana ubaya. Anataka kukutisha tu. Msimulizi anazaa kiu. Kiu inamleta muuzaji, na muuzaji ndiye mwenye ubaya. Kila ngano inapovuma kuna watu wanaokimbilia kutengeneza faili lenye jina hilohilo, kwa kuwa wanajua watu watalitafuta usiku, peke yao, wakiwa wamejiandaa kuona jambo lisilo la kawaida. Kompyuta ikianza kufanya vituko, mhanga atadhani ngano imetimia. Hatadhani kwamba anaibiwa.

Basi kabla hujabonyeza, jiulize: aliyeliweka faili hili hapa bure, anakula wapi?

Hatua ya tatu: Lisome jina hadi mkiani

Tarehe 4 Mei 2000, barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU ilitoka Manila, Ufilipino, ikaizunguka dunia ndani ya saa chache. Ilikuwa na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati ule, kama ilivyo hata leo usipoiagiza vingine, ilificha mkia wa jina, kwa hiyo watu wengi waliona neno TXT na kudhani ni maandishi matupu. Mkia halisi, vbs, ulikuwa wa programu. Ilizifuta picha na kukalia nafasi zao, ikazificha nyimbo, halafu ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani. Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa barua pepe. Kijana aliyeiandika hakufungwa, kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Sheria ilikuja mwezi uliofuata.

Somo lake ni fupi. Katika jina la faili, neno la mwisho baada ya nukta ndilo linalosema faili litafanya nini. Jpg ni picha, mp3 ni wimbo, mp4 ni video. Exe, vbs, scr na bat ni programu za Windows. Apk ni programu ya simu ya Android. Video ya muujiza yenye mkia wa apk si video, hata kama aliyeituma ni mchungaji.

Kwenye kompyuta, fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye menyu ya "View" na uweke tiki mahali palipoandikwa "File name extensions". Ni kazi ya nusu dakika. Waliowahi kupeleka flashi kwenye cyber wataikumbuka thamani yake: unarudi nyumbani, unakuta folda iitwayo New Folder ambayo hukuitengeneza, unaibonyeza, kumbe ni New Folder.exe iliyovaa sura ya folda. Au unakuta kazi zako zote zimegeuka njia za mkato. Faraja ni kwamba virusi vya njia za mkato mara nyingi havifuti kitu. Huyaficha mafaili halisi. Kabla ya kulia na kufomati flashi, mwombe fundi ayafichue kwa amri ya attrib. Wanafunzi wengi walifomati tasnifu zao zikiwa nzima mle ndani.

Kuna hila moja ya juu zaidi. Kompyuta zina alama isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, iliyowekwa kwa ajili ya lugha kama Kiarabu na Kiebrania zinazoandikwa kutoka kulia. Mjanja akiipachika katikati ya jina, faili linaloitwa harusigpj.exe litasomeka kwenye skrini kama harusiexe.jpg. Ndiyo maana kusoma jina peke yake hakutoshi. Tazama pia safu ya aina ya faili, pale kompyuta yenyewe inapoandika kama ni picha au ni programu.

Hatua ya nne: Lipime uzito

Faili lina uzito, na uzito husema ukweli pale jina linapodanganya. Filamu ya saa mbili haiwezi kuwa na KB 700. Wimbo mmoja hauhitaji MB 90. Kitabu cha PDF kikitoa ombi la kusakinishwa, si kitabu.

Uzito nao una jini lake, na jini hili lipo kweli. Linaitwa 42.zip. Lina KB 42 tu, dogo kuliko picha yoyote ya simu yako. Ndani yake mna mafaili 16 yaliyobanwa, ndani ya kila moja mna mengine 16, hivyo hivyo kwa tabaka tano, na chini kabisa kila faili linafumuka kuwa GB 4.3. Likifunguliwa lote linafika petabaiti 4.5, yaani zaidi ya GB milioni nne. Halina uchawi wowote. Kubana faili ni kuandika kwa kifupi, na ukiiambia kompyuta "andika sifuri mara bilioni nne" umetumia maneno matano kuagiza kazi ya kujaza ghala. Programu za kisasa za kukagua virusi zinalitambua na kukataa kulifungua. Nawe ukiona faili lililobanwa ndani ya faili lililobanwa ndani ya lingine, kataa.

Hatua ya tano: Usitoe ruhusa

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Machi 1999, waraka wa Word uitwao list.doc ulisambaa ukidai kuwa na maneno ya siri ya kuingilia tovuti za ngono. Ulikuwa na amri ndogo zilizofichwa ndani, na aliyeufungua na kuziruhusu amri hizo alikuwa ameutuma waraka ule kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu chake cha anwani, kwa jina lake. Kirusi hicho kiliitwa Melissa. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 2022, Microsoft ilianza kuzizuia zenyewe amri za namna hiyo kwenye nyaraka zinazotoka kwenye intaneti. Kwa muda wote huo kilichomlinda mtumiaji kilikuwa kibonyezo kimoja kinachouliza: je, unaruhusu?

Simu nayo huuliza. Ukipakua apk nje ya duka rasmi la programu, Android hukusimamisha na kukueleza kwamba chanzo hakijulikani. Ukilazimisha, programu yenyewe itaanza kuomba: nisome SMS zako, nione majina yako, nipewe huduma ya ufikivu. Hii ya mwisho ndiyo funguo za nyumba nzima. Huduma za ufikivu ziliwekwa kwa ajili ya watu wasioona au wasioweza kugusa skrini. Programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kilichopo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Kadi ya mwaliko wa harusi inayotaka kusoma SMS zako ni fundi bomba anayekuomba ufunguo wa sanduku la fedha kabla hajaliona bomba.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwingi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuvuka mpaka kuja Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa benki ya mama ntilie, ya bodaboda na ya mwanafunzi wa bweni. Hatusubiri mwizi avunje ukuta wa benki. Benki iko mfukoni, na tunaitoa kila dakika kuangalia vichekesho. Programu inayosoma SMS inasoma salio, inasoma namba za uthibitisho, na inajua mshahara umeingia lini. Kwa hiyo kanuni ya hatua hii haina msamaha: faili la kutazama likiomba ruhusa yoyote, futa. Picha haiombi ruhusa. Wimbo hauombi ruhusa. Jini wa kweli angeingia bila kuomba.

Hatua ya sita: Yajue majini ya kweli

Ni haki kusema kwamba yapo mafaili ambayo kuyafungua tu, bila kuruhusu lolote, kulileta balaa. Yapo, yanajulikana, na yanapendeza kuliko ngano.

Mwaka 2022 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia habari za video ya wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", wa mwaka 1989. Kampuni moja kubwa ya kompyuta iligundua kwamba video hiyo ikichezwa, baadhi ya laptopu zake zinazima ghafla. Ajabu zaidi, ikichezwa kwenye laptopu moja, laptopu nyingine iliyo jirani ilizima pia, ingawa haikuwa inacheza kitu. Kila kitu kina mtetemo wake wa asili, na sauti fulani ndani ya wimbo ule iliangukia kwenye mtetemo wa asili wa diski zilizokuwa zikizunguka mara 5,400 kwa dakika. Diski zilitetemeka mpaka zikashindwa kusoma. Tiba ilikuwa kichujio kilichoiondoa sauti hiyo kabla haijafika kwenye spika.

Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya picha. Ilikuwa picha ya ziwa na milima huko Montana, Marekani, nzuri ya kutundikwa ukutani. Watu wenye simu fulani za Android 10 walipoifanya mandhari ya skrini, simu ziliwaka na kuzima, zikawaka na kuzima bila kukoma, na baadhi yao hawakuwa na njia ila kufuta kila kitu na kuanza upya. Mpiga picha hakuwa na nia mbaya. Alihifadhi picha yake kwa mpangilio wa rangi mpana kuliko simu zilivyotarajia; simu ilipokokotoa mng'ao wa nukta moja ikapata namba iliyozidi kikomo chake, ikaanguka, ikawaka, ikaiona picha ileile, ikaanguka tena.

Hata maneno yasiyotamkwa yapo. Kwenye Windows 95 na 98, kufungua njia iliyoandikwa con\con kulitosha kuiangusha kompyuta, kwa sababu CON ni jina ambalo mifumo ya zamani ya Microsoft ililitenga kwa ajili ya kibodi na skrini. Lile anguko lilirekebishwa zamani, ila mwiko umebaki. Jaribu leo kuunda folda na kuipa jina CON kwenye Windows, itakataa.

Na lipo jini la kutisha kikweli. Septemba 2021, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza jinsi mafaili yaliyojiita gif, na ndani yake hayakuwa gif, yalivyotumiwa kupenyeza programu ya kijasusi ya Pegasus kwenye simu za iPhone bila mwenye simu kugusa chochote. Apple ilitoa dawa mwezi huohuo. Silaha ya aina hiyo ni ghali, na huelekezwa kwa wanaharakati, waandishi wa habari na wanasiasa. Haipotezwi kwa mtu anayetafuta video ya mbwa anayecheka.

Yote haya yana tiba moja, nayo haina ubani wala maji ya waridi: sasisha simu na kompyuta yako. Kila jini katika hatua hii lilikuwa kosa la mtengenezaji, na kila kosa lilipogunduliwa dawa ilitolewa. Mwenye simu anayebonyeza "baadaye" kwa mwaka mzima ili kuokoa bando anaishi na majini ambayo wenzake walishayatoa. Tumia lile bando la usiku kwa kazi hiyo kwanza. Ngano itakusubiri.

Hatua ya saba: Ukiletewa dawa, kaa macho

Mwishoni mwa mwaka 1994 ulizagaa ujumbe kwamba kuna barua pepe yenye kichwa "Good Times". Ukiisoma, kompyuta inakufa, kwa hiyo waonye wote unaowapenda. Barua hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni onyo, nalo lilizagaa kwa mikono ya watu wema. Mwaka 2002 likaja la hatari zaidi: tafuta kwenye kompyuta yako faili liitwalo jdbgmgr.exe lenye picha ya dubu mdogo, ni kirusi, lifute upesi. Watu wakatafuta, wakamkuta dubu, wakashtuka, wakafuta, wakawaambia wengine. Dubu yule alikuwa sehemu halali ya Windows, na wengi wenye Windows walikuwa naye. Hapakuwa na haja ya kuandika kirusi. Ilitosha kuandika onyo, na wenye kompyuta wakaifanya kazi ya kirusi kwa mikono yao.

Kwenye makundi yetu ya WhatsApp dubu huyo amevaa nguo nyingine. Ujumbe wa "Martinelli", ulioanzia Hispania mwaka 2017, unaonya kuhusu video itakayotoka kesho na kuiua simu yako bila tiba. Kesho hiyo haijafika mpaka leo. Wakati mwingine huja umeunganishwa na onyo dhidi ya "WhatsApp Gold", ambalo ni la haki, kwa sababu mwaka 2016 kweli watu walitumiwa viungo vya toleo hilo la uongo vilivyobeba programu haribifu. Ukweli nusu ndio chambo bora. Kwa hiyo onyo likikuagiza ufute faili, usakinishe kinga, au uwatumie watu kumi kabla ya usiku wa manane, lishughulikie kama faili la laana lenyewe.

Hatua ya nane: Ukishindwa kujizuia

Wapo ambao watafungua tu. Nao wana haki ya kurudi salama.

Usifungue kwenye simu yenye pesa. Tumia simu ya zamani isiyo na laini, isiyo na akaunti yako ya barua pepe, na isiyo na picha za watoto. Kabla ya hapo, lipeleke faili kwenye VirusTotal, huduma ya bure inayolipitisha kwenye programu nyingi za kukagua virusi kwa mara moja. Ila usipeleke huko vyeti wala mikataba yako, kwa kuwa unachopakia kinaweza kuonwa na wengine. Na kumbuka kwamba kuambiwa "safi" ni kuambiwa kwamba hakuna aliyelijua bado, si kwamba limetakaswa.

Ikiwa umeshafungua na simu imeanza vituko, zima data na Wi-Fi kwanza. Kisha chukua simu ya mtu mwingine uwapigie mtandao wako wazuie akaunti ya fedha, na kwa simu hiyohiyo ubadilishe maneno ya siri ya barua pepe. Washa simu yako katika hali salama, uondoe programu uliyoisakinisha mwisho. Ikikataa, irudishe simu ilivyotoka kiwandani. Namba za matapeli zina pa kupelekwa: Tanzania, ujumbe wao utume kwenda 15040 ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA; Kenya, wateja wa Safaricom huutuma kwenda 333. Usione aibu. Aibu ndiyo inayompa mwizi saa sita za ziada.

Hatua ya tisa: Ikomee kwako

Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikesha kwa ajili ya Popobawa. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wakimwogopa shetani anayevamia walio peke yao ndani. Ilisemekana kwamba aliyevamiwa ni lazima atangaze, akinyamaza shetani atarudi. Sharti hilo ndilo la smile.jpg, na ndilo la kila ujumbe unaokutisha usipousambaza. Uvumi wenye sharti la kusambazwa hauhitaji ukweli, unajibeba. Na hauishii kwenye kukesha: mwaka ule mgonjwa wa akili mmoja aliuawa na umati mjini Zanzibar, akidhaniwa ndiye shetani. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa kwa uvumi wa wezi wa watoto uliopita kwenye WhatsApp, na kampuni hiyo ikaanza kupunguza idadi ya watu na makundi wanaoweza kusambaziwa ujumbe mmoja kwa mara moja. Mhandisi anaweza kupunguza idadi. Anayeweza kuifikisha sifuri ni mwenye simu.

Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kazi ya upendo. Anayetusambazia maonyo haya mara nyingi ni mtu anayetujali: shangazi, baba mdogo, jirani aliyetulea. Kumcheka mbele ya kundi kutamnyamazisha, na siku atakapoibiwa kweli hatakuambia. Mwandikie pembeni, hivi:

"Shikamoo shangazi. Ahsante kwa kutukumbuka. Ile video uliyotuonya haipo, ni uvumi wa miaka mingi, usikupe presha. Ila mtu akikutumia kitu kinachotaka ukisakinishe, au kinachoomba kusoma meseji zako, usikikubali hata kama ametuma mtu unayemjua; nipigie kwanza, hata usiku. Jumamosi nikija nitakusasishia simu, na picha za babu tutaziweka nakala mahali pengine."

Kisha Jumamosi uende.